Folda Isiyokuwa Folda

Kila asubuhi ya Julai, Waridi, mwanafunzi wa kidato cha pili huko Igowole aliyekabidhiwa usimamizi wa chumba cha kompyuta, hukifungua, huwasha mashine nne na kuziacha dakika kumi kabla ya mtu kuzigusa. Kwa baridi ile, wanafunzi waliamini kwamba hata kompyuta huhitaji kupata joto.

Jumatatu alichomeka flashi aliyopewa na binamu yake wa Mbeya. Kanuni iliyobandikwa mlangoni ilitaka flashi ya nje ikaguliwe kwanza na Mwalimu Gwakisa, lakini Waridi hakumngoja. Ndani aliona folda ya njano iliyoandikwa "Nyimbo". Akaibofya mara mbili. Nyimbo zikafunguka kama kawaida.

Jumanne mashine zilikwenda taratibu. Wenzake walisema ni baridi.

"Hata kompyuta inataka sweta," rafiki yake Damari alisema, na darasa likacheka.

Waridi alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa kwenye skrini. Kila folda ilikuwa na ukubwa uleule, KB 212, na kwenye nafasi ya aina paliandikwa "Programu". Folda ya kweli haiwi programu.

Wenzake walipokwenda kula, alizifuta zote. Baada ya sekunde chache zilirudi. Alifungua dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, likajifunga lenyewe. Alichomeka flashi tupu. Kabla hajagusa kitu, ilikwisha kupata folda ya njano. Hapo alielewa kwamba kila flashi inayoingia itatoka na ugonjwa.

Angesema, angenyang'anywa usimamizi wa chumba. Aliponyamaza, flashi za wenzake ziliendelea kuingia na kutoka mbele ya macho yake, na kila moja ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Alhamisi Damari alipeleka flashi yake Nyololo, kuchapisha utafiti wa udongo wa mashamba ya chai. Kazi hiyo ya miezi mitatu ilitakiwa Iringa kesho yake kwa mashindano ya sayansi, na hakuwa na nakala nyingine. Kompyuta ya duka la steshenari la huko ilikagua flashi, ikafuta programu ngeni. Flashi ikaonekana tupu. Damari alirudi shuleni macho mekundu.

Waridi alimfuata Mwalimu Gwakisa ofisini.

"Mwalimu, si baridi. Ni flashi yangu."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi," mwalimu alisema, akamwagiza amwite Damari.

Mwalimu aliichomeka flashi ya Damari kwenye kompyuta yake, akabadili mpangilio mmoja ili mafaili yaliyofichwa yaonekane. Folda ya utafiti ikatokea, nzima. Alieleza kwamba programu ile huficha folda halisi, kisha hujivika jina na picha yake. Ukiibofya, hukufungulia folda uliyoitaka ili usishuku, huku yenyewe ikijinakili.

Waridi akasema kwamba imeingia na flashi yake. Damari alimgeukia. "Kumbe nilipochomeka flashi yangu ulikuwa unajua?"

Waridi alikiri kwamba alijua tangu Jumanne, akaomba radhi.

Jioni hiyo Waridi na Damari walizunguka madarasani wakikusanya flashi, thelathini na moja, na mwalimu akazisafisha pamoja na mashine zote nne. Utafiti uliondoka Ijumaa asubuhi.

"Jumatatu ulikosea kwa kutojua kilichomo kwenye flashi, na kosa la namna hiyo husafishwa kwa saa chache," Mwalimu Gwakisa alimwambia Waridi. "Tangu Jumanne ulijua. Programu ile imetengenezwa ienee bila mtu kusema, na wewe ndiye uliyeisaidia."