Mashine Sitini Kabla ya Ijumaa

Kila asubuhi Modesta alibandika uji, akafungua kompyuta yake mezani na kuanza kuwasha mashine za wanafunzi. Bonyeza, subiri. Bonyeza, subiri. Akifika ya kumi na tano, uji umeshika chini.

"Mama Mihayo, leo tena uji wa moshi?" mumewe, Shigela, alimtania.

"Kunywa. Wa jana haukukuua."

Modesta alikuwa na chuo kidogo cha kompyuta pale Mkuyuni. Wanafunzi wake walijifunzia kwenye mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na boksi lake. Mashine nyingi hukaa ndani ya kompyuta moja kubwa iliyo mbali, kama wapangaji katika nyumba moja. Kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake. Mwanafunzi akiharibu ya kwake, ya jirani haiguswi.

Shida ni kwamba Modesta alizihudumia zote kwa mkono, moja moja. Na Ijumaa kulikuwa na mtihani. Wanafunzi sitini walihitaji mashine sitini mpya, zote sawasawa. Asiye na mashine hafanyi mtihani. Sasa ilikuwa Jumatano mchana, naye alikuwa ametengeneza kumi na tisa tu. Tena nafasi aliyokodi kwenye kompyuta ile kubwa ilikuwa imejaa. Mashine arobaini na tatu za darasa la mwaka jana zilikuwa bado humo.

Jirani yake Rozina aliingia kuazima chujio la chai. Rozina alikuwa mwenyeji wa Musoma, msimamizi wa mitambo ya kompyuta katika kampuni moja mjini. Alimtazama Modesta akibonyeza.

"Utazeeka hapo. Mpe wakala hiyo kazi."

"Wakala? Yule wa kutoa hela pale kona?"

Rozina alicheka. "Wakala wa akili mnemba. Ni programu. Unamwandikia kazi kwa maneno ya kawaida, naye anaifanya kwenye mashine zote kwa pamoja."

Walimwunganisha wakala na mashine. Modesta akaandika: "Nina mashine ngapi? Ipi ina kasoro?"

Jibu lilikuja kabla hajakaa vizuri. Mashine sitini na mbili. Za mwaka jana arobaini na tatu, mpya kumi na tisa. Mbili kati ya mpya hazikuwa na programu ya mtihani.

"Hee! Hizo mbili nimezitafuta tangu asubuhi!" Modesta alipiga meza kwa furaha. "Huyu ni mfanyakazi!"

Akaandika tena: "Futa mashine zote za mwaka jana. Kisha ongeza za mtihani zifike sitini."

Wakala hakukurupuka. Alipanga orodha ya mashine za kufutwa, akasubiri kibali. Chini ya orodha aliandika: "Namba 27 ilitumika jana jioni. Sijui ni ya nani. Niifute pia?"

"Ifute, ni ya zamani," Modesta alisema, kidole kikienda kubonyeza.

"Subiri kwanza," Shigela alisema kutoka mlangoni. Yeye alikulia Usagara, kwa wafugaji. "Mimi kompyuta sijui. Lakini baba alichunga ng'ombe mia, na thelathini walikuwa wa watu, amekabidhiwa. Mnunuzi akija, baba hakuangalia kwanza nani mzee, nani kijana. Aliuliza: huyu wa nani?"

"Shemeji, njoo ufanye kazi kwetu," Rozina alisema.

Modesta alifungua daftari la majina. Akakumbuka. Sabina! Alijifungua mwaka jana, akakosa mtihani, sasa amerudi. Akampigia simu.

"Mwalimu, kazi yangu yote ya mtihani imo kwenye namba 27! Nusu ya alama zangu! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nyonyesha mtoto."

Alikata simu, akaiondoa namba 27 kwenye orodha. "Ningemfelisha kwa kidole kimoja."

"Ndiyo hivyo," Rozina alisema. "Ukikosea kwa mkono, umeharibu mashine moja. Ukimwagiza wakala vibaya, unaharibu arobaini. Kila mashine iwe na alama ya mwenyewe. Nakala za kazi ziwekwe pembeni. Orodha uisome, usibonyeze kama unafukuza nzi. Na ruhusa ya kufuta bila kukuuliza, usimpe kamwe."

Modesta alifanya hivyo. Namba 27 ilibaki. Nyingine arobaini na mbili zilifutwa, mpya arobaini na moja zikaingia, zile mbili zenye kasoro zikarekebishwa. Kazi ya siku mbili ilikwisha chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa. Hata hivyo, alifungua tano mwenyewe kukagua. Zilikuwa sawasawa.

Ijumaa wanafunzi sitini waliketi, kila mmoja na mashine yake. Sabina aliwasilisha kazi yake akiwa wa kwanza. Mtoto wake alilala nje, begani kwa Shigela.

Jumatatu Modesta alibandika uji. Akamwandikia wakala sentensi moja: "Washa mashine za darasa la asubuhi." Orodha ilipokuja, aliisoma yote, mwiko mkononi, akitaja kila mwenyewe kwa jina. Kisha akabonyeza, akarudi kukoroga.

Shigela alionja. "Mama Mihayo, uji huu wa nani?"

"Wako. Kunywa."