Joho la Lodi wa Wenmore

Nilikuwa nakamua shuka za ikulu wakati wifi yangu Cecily alipoingia akihema, akasema Piers Lovelock amepewa ulodi.

Piers. Yule mshika hatamu za farasi. Kilichompandisha ni kujua kushindwa karata kwa adabu kila mfalme alipotaka kushinda. Kwa kazi hiyo kubwa alipewa cheo, mashamba na nyumba ya Lodi wa Wenmore, ambaye mfalme huyohuyo alimkata kichwa kwa usaliti kabla ya Pasaka.

Cecily akatupa joho la marehemu mezani. Lilitakiwa jioni hiyohiyo, kwa sherehe ya kumsimika Piers. Mahameli nyekundu, kola ya manyoya meupe. Mali ya msaliti huwa ya mfalme, na mfalme humgawia ampendaye, mpaka soksi. Piers angeweza kushonesha jipya. Lakini watu wa aina yake wakiona cha bure hawaulizi kimetoka wapi.

Kolani palikuwa na doa la damu.

Nililifua kwa maji baridi na chumvi, likatoka. Nikalianika karibu na moto, nikamenya vitunguu. Nilipogeuka, doa lilikuwa palepale... bichi. Linanuka chuma.

Nikafua tena. Likarudi.

"Marehemu alikatwa akiwa na shati tu," Cecily alinong'ona. "Joho lilikuwa sandukuni."

Mtu wa Piers alipokuja alilichukua hivyohivyo. Akamchukua na binti yangu Avis. Watumishi wa Wenmore walikuwa wametoroka wote, hapakuwa na wa kushika mkia wa joho usiburuzike chini. Nilikataa. Akasema ni amri ya lodi.

"Mwambie lodi wako mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia chupi," nilimwambia.

Alicheka. Akamvika Avis sare ya mtumishi wa kiume, nywele akazisokomeza kofiani, akaondoka naye.

Giza likaanza kuingia. Mlango ukagongwa, polepole.

Mwanamume mrefu alisimama nje, skafu imemfika kidevuni. Alinuka chuma.

"Mama, joho langu liko tayari?"

Sauti haikutoka kinywani. Ilitoka chini ya skafu.

"Limeshachukuliwa. Na Lodi wa Wenmore."

Kitu kikadondoka kizingitini... tone... tone...

"Lodi wa Wenmore ni mimi."

Ningepaswa kupiga kelele. Lakini nimewafulia hawa maisha yangu yote, na hasira ilinizidi hofu.

"Basi nenda mkaligombanie hukohuko," nilisema. "Ila anayeshika mkia wake ni mwanangu. Usimguse."

Akainamisha kichwa kwa heshima. Alikishika kwa mkono mmoja kisidondoke.

"Anayelishika joho langu ni mtu wa nyumba yangu. Watu wangu siwadhuru."

Akaenda. Kizingiti nilikisugua mwenyewe.

Avis alirudi kabla baba yake hajatoka kazini. Alisimulia huku anavua ile sare. Piers alipiga magoti, mfalme akamfunga upanga kiunoni, akainuka, watu wakapiga makofi. Lakini yeye alikuwa nyuma, amenyanyua mkia wa joho, akaona miguu.

"Minne, mama."

Kisha lodi mpya alitaka kutoa shukrani, ikatoka minong'ono tu. Akaomba skafu. Mfalme akacheka, akadhani ni woga wa kumheshimu, akamwongezea shamba lingine. Ndiyo akili inayotutawala.

Gilbert, mume wangu, akaingia, akavua viatu. Nikapakua supu ya njegere, nikakata mkate mweusi. Nikahesabu kama kila siku: Gilbert, Cecily, mwanetu mdogo Wat, Avis. Wote wapo. Nilipita nyuma yao nikawagusa shingo, mmoja mmoja. Zote nzima, zote zina joto.

"Umenawa?" nilimuuliza Avis.

"Nimenawa, mama. Kwa chumvi."

Akanyoosha mkono, akachukua mkate. Alipouweka kando ya bakuli, alama za vidole zilibaki juu yake.

Nyekundu... mbichi.

Nikaugeuza ule mkate kabla baba yake hajaona, nikawaambia waanze kula.