Mavumbi Mlangoni

Umeme ulikuwa umekatika Nachingwea tangu alfajiri, na uliporudi saa tano, watu wote wenye barua za kuchapisha walivamia steshenari moja ya pale stendi. Ilikuwa Juni 2006. Mwanaheri, aliyetoka Ruangwa na barua yake ya kuomba kufundisha chekechea, alisukumwa na foleni mpaka akamkanyaga mchapaji.

"Dada, huo mguu nilikuwa bado nauhitaji."

"Samahani kaka'ngu, nilidhani ni waya."

Mchapaji, Twaha, akacheka, akainua macho, na hapo ndipo alipopatikana. Binti alikuwa mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha njano, mtandio umeteleza begani. Barua ile fupi Twaha aliikosea kuichapa mara tatu. Wapo wanaosema alifanya makusudi, nami siwabishii.

Alipoifunga barua, kwenye kioo cha kompyuta kikabaki kitu cha ajabu: mji ambao visima vyake vinaning'inia hewani, mikorosho inasalimia, na wachuuzi wanauza vivuli vya watu.

"Hiki nini?"

"Gemu. Nalitengeneza mwenyewe, mwaka wa pili huu. Halina bunduki wala mpira. Unamwongoza mtu, anaongea na wenyeji, na hadithi inafuata unavyomchagulia."

"Anatafuta nini?"

"Sijajua bado. Nikijua nitakubipu."

"Unibipu? Weka vocha upige, bahili wewe!"

Akapiga. Akapiga tena na tena, na kila Mwanaheri alipokuja Nachingwea walikaa benchi la nyuma ya steshenari wakitaniana. Siku moja ya Agosti Mwanaheri alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake, kwa hiyo yeye akapewa jina baya ili kifo kisimtamani. Aliitwa Mavumbi. Alipotoka unyagoni akavishwa khanga mpya na kupewa jina jipya, na lile la kwanza likaachwa huko porini. Kumwita nalo mtu aliyekwisha kuchezwa unyago ni kumtukana.

"Wakati mwingine namwonea huruma yule mtoto," alisema. "Naona kama tulimsahau huko."

Twaha alimshika mkono.

Oktoba Mwanaheri alikuja bila kumjulisha. Tangu mlangoni alisikia vijana wamejazana kwenye kompyuta wakipiga kelele: "Mavumbi, pita kushoto! Mjinga huyu Mavumbi!" Kwenye kioo kilitembea kitoto cha kike, jina limeandikwa juu ya kichwa chake. Mwanaheri akageuka kuondoka.

"Heri, subiri nikueleze!"

"Umenivua nguo, Twaha. Mbele za watu."

Simu alizikata zote. Moja tu aliipokea.

"Mpenzi, nisikilize."

"Mpenzi wako yuko kwenye kompyuta. Kaongee naye." Akakata, akalia mpaka mto ukalowa.

Wakati huo shangazi yake, Mwantumu, alikuwa ameleta posa ya mkulima mmoja wa Nambilanje, mtu mpole, asiye na neno na mtu. Wenye posa walitaka jibu Ijumaa. Ijumaa Mwanaheri akakubali, na kusema kweli ni hasira iliyokubali, yeye alifungua mdomo tu.

Wiki moja baadaye alitumwa Nachingwea kununua vitambaa vya harusi. Miguu ikampeleka steshenari. Hapakuwa na mteja. Twaha, aliyekonda, akasimama akampisha kiti.

"Gemu lile la kwanza nimelifuta, hakuna nakala. Kaa, tafadhali."

Mtoto wa kwenye kioo sasa hakuwa na jina. Mwanaheri akamwongoza kisima hadi kisima, na kila mahali mtoto aliuliza: "Mmemwona aliyetoka na khanga mpya? Aliniambia nimngoje." Mikorosho ikatazama pembeni. Wauza vivuli wakakana. Mwisho kabisa palikuwa na nyumba moja, mlango umefungwa, na sauti ya mwanamke kutoka ndani: "Nani?" Chini yake paliachwa nafasi ya kuandika.

Akabonyeza herufi moja moja: Mavumbi.

Mlango ukafunguka. Mwanamke alisogea kitandani, mtoto akapanda, wakalala. Kioo kikawa cheusi. Mwanaheri akalia kwa sauti, asijali nani anasikia.

"Ulipoongea siku ile ndipo nilipojua anatafuta nini," Twaha alisema. "Kosa langu sikukuuliza. Heri, nataka wazee wangu waje kwenu. Nikuoe."

"Wangekuja kabla ya Ijumaa iliyopita." Akajifuta machozi kwa mtandio. "Nimeshamkubali mtu, Twaha. Dua imesomwa, baba ametoa neno lake."

"Kalivunje."

"Unaijua aibu niliyoipata hapo mlangoni? Siwezi kumpa baba yangu ile ile."

Nje konda aliita abiria wa Ruangwa. Mwanaheri akachukua mfuko wake wa vitambaa, akafika mlangoni, akasimama.

"Niite," alisema. "Mara moja tu, jina lile."

Twaha akamwita.

"Mavumbi."

Miaka kumi hakuwa ameliitikia.

"Abee," akaitika, akatoka kwenda kupanda gari.