Kizimakiu cha Mbaruku

Kizimakiu kilikuwa kipande chembamba cha chuma, kimebandikwa nyuma ya sikio la Mbaruku, na kilifanya kazi ambayo madaktari wa Tanga walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa. Kiliusikiliza ubongo, na kila ulipoanza kudai dawa, kiliunyamazisha kabla mwenyewe hajajua. Wiki nzima bila methadoni, na Mbaruku alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki akimenya karanga, hana habari.

Anayeijua arosto ataelewa maajabu hayo. Yale mateso ya kukosa dawa hayana adabu, humvua mtu heshima mbele ya wakwe. Mbaruku hakuwa hata na kamasi.

Methadoni ilimtoa kwenye unga wa heroini miaka mingi nyuma, naye aliishukuru. Lakini vyombo vya kwenda Mwezini havikumpakia mtu mwenye dawa hiyo damuni, na Mwezini ndiko alikokuwa mkewe, Zaituni, fundi wa mitambo ya hewa. Mbaruku alimtamani mpaka akawa anaongea na mto wake.

Sista Namsifu, muuguzi wake tangu enzi za kunywea dawa dirishani, alikuja akitabasamu.

"Hongera, kaka Mbaruku. Damu safi. Ijumaa unapaa."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Sista, nikwambie ukweli? Sioni haja ya kwenda. Jana Zaituni kanipigia, analia. Mimi nawaza nitakula nini usiku."

Namsifu akaketi. Zamani pale dirishani, kila aliyemeza dawa alitakiwa kutamka neno, muuguzi ajue hakuificha mdomoni. Wengi walitaja majina yao. Mbaruku alisema "Zaituni" kila asubuhi, na foleni nzima ikamcheka mpaka ikamwita shemeji.

"Hebu sema," Namsifu akamwambia.

"Zaituni." Alilitaja kama anayetaja kituo cha basi.

"Kumbe," Namsifu akasema taratibu. "Ubongo unamdai mtu kwa njia ileile unayodaia dawa. Mashine haijui tofauti."

"Basi kivue."

"Arosto yako haijaisha, imezuiwa tu. Nikikivua, Ijumaa huendi, na chombo kingine ni mwakani. Ukienda nacho, hutakivua kamwe. Huko hakuna wa kukuuguza."

Mbaruku aliziweka karanga zake kando.

"Nimpelekee mke wangu gunia tupu? Kivue, dada yangu."

Ilianza na miayo, mpaka taya zikamuuma. Yakafuata machozi na kamasi, vinyweleo vikamsimama, tumbo likamsokota, akatapika. Miguu yenyewe ilipiga mateke shuka. Usingizi ulimkimbia kabisa. Namsifu alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

"Nikirudishe?"

"Usikiguse!"

Ijumaa alasiri madirisha yalitikisika. Chombo kilipaa juu ya jiji, na Mbaruku, akitetemeka ndani ya blanketi, akageuza shingo kukifuata. Ghafla akamkumbuka Zaituni anavyokunja kanga kwa kuibana kidevuni, jambo dogo tu, na kifua kikamuuma kuliko mifupa yote. Kiti alichotengewa humo kilikuwa kinakwenda kitupu. Alitamani kukimbia nyuma ya ule moshi, na miguu yenyewe haikuweza kusimama.

Namsifu akamfuta uso.

"Haya," akasema. "Sema."

Mbaruku alifungua mdomo, akajaribu mara ya pili, na jina halikutoka, kilitoka kilio.