Kovu la Pasi

Soko la nguo lilikuwa limefurika siku hiyo, watu bega kwa bega, na mpiga pasi wa ghorofa ya chini alikuwa na rundo la mashati lililomfika kifuani. Akainua macho mara moja tu. Mwanamke mwenye kamera shingoni alikuwa akipenya katikati ya wabeba mizigo, gauni lake la kijani limekunjamana kama lililotafunwa na ng'ombe. Pasi ya mkaa ikamkalia mkono wa kushoto.

"Yalaa!"

Mwanamke yule ndiye aliyefika kwanza. Akaukamata mkono, akaumwagia maji yote ya chupa yake.

"Pole, kaka. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Hilo gauni, dada. Lilete nilinyooshe. Linanitia aibu mimi, sembuse wewe."

"Thubutu! Hii mikunjo nimeitafuta wiki nzima."

Kumbe alikuwa mpiga picha wa jarida la mitindo, na alikuwa na namna yake. Hataki poda, hataki taa. Gauni jipya anampa muuza vitunguu au mwalimu, alivae siku saba, apikie, abebee mtoto, mpaka kitambaa kikunjike kwenye viwiko na magoti. Ndipo amsimamishe dirishani, ampige picha kwa mwanga wa jua. Alisema nguo isiyo na mkunjo bado haijamjua mtu. Wakubwa wa jarida walinuna, lakini wasomaji walimpenda, basi wakavumilia.

Akaondoka na namba ya fundi, na jioni simu ikalia.

"Halo, Bwana Pasi. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono mzima, Bi Makunyanzi. Mgonjwa ni moyo."

"Huo nao upige pasi."

"Nimeupiga. Umeungua."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Simu zikawa za kila jioni, zikazaa mapenzi. Asubuhi moja mwanamke akamwachia mfuko pale mezani. "Niwekee tu, mpenzi. Nakuja saa nane." Ndani mlikuwa na magauni kumi na mawili, yamevaliwa wiki nzima na wanawake kumi na wawili. Picha zilikuwa zipigwe alasiri hiyo. Mpiga pasi akawaza amfurahishe vipi mpenzi wake. Akaongeza mkaa. Saa nane ilipofika magauni yote yalikuwa yananing'inia, yamenyooka kama rula.

"Umefanya nini?"

"Nimekusaidia, mpenzi."

"Umewafuta! Wanawake kumi na wawili, umewafuta!"

Mpiga pasi akasikia kwamba kazi ya mikono yake ni uchafu. "Basi katafute mwanamume asiyejua kazi," akasema, na neno lilipomtoka alitamani alimeze. Mwanamke akaondoka na mfuko wake. Kule ofisini wakubwa walipoyaona yale magauni walipiga makofi, wakasema sasa hizi ndizo nguo, wakaleta taa na poda na mpiga picha mwingine.

Miezi mitatu mwanamke hakupokea simu zake.

Mpiga pasi akachukua shati lake jeupe, akalivaa. Akafanya nalo kazi mbele ya moto, akalala nalo. Wateja wakamcheka: "Fundi, umeishiwa mkaa?" Siku ya saba akapiga simu tena, na safari hii akapokelewa.

"Unataka nini?"

"Nimevaa shati moja siku saba."

"Mwongo wewe."

"Njoo ulinuse."

Akaja. Hakusema pole wala samahani. Akamsimamisha dirishani, akauweka mkono wake wa kushoto kifuani. "Usilifiche kovu. Hapo ndipo nilipoingilia." Akapiga picha. Kabla hajashusha kamera akauliza, "Utanioa, au utaendelea kunuka peke yako?"

Walikaa kwenye ndoa miaka tisa. Kisha kifua cha mke kikaanza kubana. Hospitalini waliambiwa mashine ya kupimia imeharibika, njooni mwezi ujao. Na mwezi ujao, vivyo hivyo. Wenye pesa walipimwa kwingine, hawakuwa kwenye foleni ile. Kutoka jaridani hakuja hata mmoja kumjulia hali.

"Wakionyesha picha zangu," alisema, pumzi inakatika, "wasizinyooshe. Niahidi."

"Naahidi, Bi Makunyanzi."

Mwaka mmoja baada ya mazishi, jarida likatangaza maonyesho ya picha zake. Mpiga pasi akaenda ofisini. Siku tatu alikalishwa kwenye benchi, ya nne mkubwa akampokea.

"Mzee wangu, picha ni mali yetu. Tunazisafisha kidogo tu, kwa kumheshimu."

"Mwenyewe alikataa."

"Una karatasi?"

Hakuwa na karatasi. Alikuwa na neno la mtu anayekufa, na hilo halipigwi mhuri. Wenye vyeo hawaungui mikono, watajuaje?

Siku ya ufunguzi alivaa lile shati jeupe, bila pasi. Ukumbi uling'aa. Muuza vitunguu ukutani alikuwa na uso kama sahani, na gauni lake kama limetoka dukani sasa hivi. Akapita picha moja moja, mpaka ya mwisho. Alikuwa yeye, dirishani, amesimama ndani ya shati lililonyooka. Mkono uliokuwa kifuani ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga.

Akanyoosha kidole.

"Mzee, usiguse," mlinzi akasema.

"Huyu ni mimi, baba."

Mlinzi akatazama picha, akatazama mkono wake.

"Huyu hana kovu, mzee wangu. Wewe unalo."

Mpiga pasi akauweka mkono kifuani, vile vile ulivyowekwa siku ile, akasimama kando ya picha ili aonekane vizuri. Watu wakaanza kugeuka. Mlinzi akamshika kwa upole kwenye kiwiko, pale pale penye mkunjo, akampeleka mlangoni.