Wavu wa Gurudumu la Nyuma

Jumapili misa ikiisha, watu wa Nyamianda husimama mbele ya nyumba kututazama. Sisi ni kikundi cha baiskeli. Tuko wanaume kumi na wawili, na bibi zetu, yaani wake zetu, hukaa kwenye viti vya nyuma. Tunatoka pamoja mpaka Kiliba, tunakunywa chai, tunaimba, tunarudi kabla ya jua kuzama.

Mimi ni mwalimu. Asubuhi ninafundisha watoto, alasiri ninafundisha watu wazima kusoma. Tena ni karani wa kikundi. Kila safari ninaiandika katika kaye, daftari la kikundi. Ninasema haya mapema, kwa sababu katika kosa nitakalosimulia mkono wangu umo.

Mara moja kwa mwaka, siku ya Pentekoste, tunaenda mbali zaidi, mpaka Bwegera kwenye mashamba ya mpunga. Tunalala huko, tunarudi Jumatatu. Mwaka ule wa 1956, hakuna aliyeingojea Pentekoste kama Apollinarie, bibi wa Pontien fundi cherehani. Mama yake anakaa Bwegera. Jicho moja la mama lilikuwa limekwisha kufunga, na la pili lilikuwa linafifia. Mama alituma neno: "Njoo upesi, ningali naona." Malori yalipita, lakini yalijaa magunia, na wanaume wamekaa juu yake. Pontien hakutaka bibi yake apande huko peke yake. Njia ikabaki moja tu, kiti cha nyuma cha baiskeli, pamoja na kikundi, maana safari ndefu ile hakuna aliyeifanya peke yake.

Sasa sikia ujinga wetu. Baiskeli hizi zilikuja na bati juu ya gurudumu, la kuzuia matope na pindo la nguo. Zilikuja na kifuniko cha mnyororo. Siku moja prezida wetu, Nshimirimana, aliona picha ya mashindano katika gazeti. Baiskeli za kwenye picha hazikuwa na bati lolote. Wiki ile ile akafungua bati zake, akazitupa nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata sisi sote tukafungua zetu. Tulijiona vijana wa mbio. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama wale wa gazetini walibeba bibi zao nyuma.

Jumapili baada ya Pasaka tulikuwa tunarudi kutoka Kiliba. Waliotangulia walikimbiza. Pontien naye akakanyaga kwa nguvu ili asiachwe. Apollinarie alikuwa amekaa upande, miguu yote miwili inaning'inia. Upepo ukainua pindo la kikwembe chake, kitambaa alichojifunga kiunoni. Gurudumu likalishika pindo, likalivuta, na mguu ukafuata. Kisigino kikaingia katikati ya spoki. Akaanguka barabarani.

Tuligeuka mbio. Nshimirimana alikuwa wa kwanza kuinama. Akashika gurudumu.

"Spoki tatu zimevunjika," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza. Mwanamke yuko chini, damu inatoka, na mtu mzima anahesabu spoki. Hata leo nakasirika nikikumbuka. Nakasirika zaidi kwa sababu nilisimama pale na sikusema kitu.

Muganga wa dispanseri alishona kisigino. Akasema kitapona katika wiki tano, kama Apollinarie atatulia.

Jumamosi tulifanya mkutano. Nshimirimana alisimama.

"Huyu ni bibi wa ine kuanguka mwaka huu," akasema. "Banamuke habajue kukaa. Wanatuaibisha. Wabaki nyumbani."

Pontien aliinamisha kichwa. Mikono ya kukubali ikanyooshwa mmoja baada ya mwingine. Wangu pia ulinyooshwa. Kisha nikaandika katika kaye: Wanawake hawatapanda tena.

Siku ya Jumanne Apollinarie alikuja darasani akiegemea fimbo. Alikuwa mwanafunzi wangu wa miezi minane. Kaye ya kikundi ilikuwa juu ya meza yangu. Aliivuta, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akasoma polepole.

"Wa-na-wa-ke... ha-wa-ta-pa-nda... te-na."

Ulikuwa mstari wa kwanza aliousoma bila mimi kumsaidia.

"Ni nani aliandika?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mwalimu, weye njo ulinifundisha hizi herufi."

Yeye akafungua kurasa za nyuma. Akasoma tena: Bibi wa Cyprien ameanguka. Akasoma: Bibi wa Herménégilde ameanguka. Akasoma wa tatu, kisha wake mwenyewe.

"Kila mahali tunaanguka tu," akasema. "Hakuna muntu aliandika ju ya nini. Miye sikuanguka, Mwalimu. Kinga, ile baiskeli, ilinikamata. Na mama yangu iko anafunga macho kule Bwegera."

Alisema bila kupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Alasiri ile tulikwenda sisi watatu, Apollinarie, Pontien na mimi, kwa Rémy. Rémy ni mzee anayetengeneza baiskeli karibu na soko. Hutengeneza pia baiskeli za masista wa misheni. Alitazama zile spoki zilizovunjika, akatazama mguu wa Apollinarie, akatikisa kichwa.

"Mama, kanzu ya sista inafika wapi?" akauliza.

"Mpaka chini."

"Iko pana kuliko kikwembe yako?"

"Pana sana."

"Ulisha kuona sista ameangushwa na kinga?"

Apollinarie alifikiri. "Hapana. Hata siku moja."

"Ni kwa sababu bamasista wanajua kukaa?"

Pontien alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Rémy aliingia ndani, akatoka na baiskeli nyeusi ya misheni. Kila upande wa gurudumu la nyuma kulikuwa na wavu wa kamba nyembamba. Kamba zilitoka kwenye matundu ya bati, zikashuka mpaka katikati ya gurudumu, zimekazwa sana.

"Njo hii," akasema Rémy. "Nguo ikipeperuka, inagonga wavu, inarudi. Haifike kwa spoki. Lakini bila bati huwezi kufunga wavu. Bati yako iko wapi, Pontien?"

Pontien alitazama chini. "Kuku wanakunywea maji."

"Basi kuku watafute chombo ingine."

Mzee huyu hakumwonea haya mtu. Akatuonyesha na vyuma viwili vifupi, vya kufunga pembeni mwa gurudumu. "Miguu ya muntu isining'inie. Ikanyage hapa. Tena, mama, ukikaa, kusanya kikwembe uikalie. Na weye Pontien, kabla ya kukata kona, mwambie. Mwenye kubeba muntu hashindane. Mumuweke mbele, wengine wafuate mwendo yake."

"Rémy," nikasema, "mbona hukutuambia zamani?"

"Mulikuja hapa kuniomba nifungue bati," akajibu. "Nilisema. Mulinicheka, Mwalimu. Na weye ulikuwako."

Kweli, nilikuwako.

Pontien aliosha bati, akalipaka rangi. Apollinarie alikwenda pwani ya ziwa, akaomba wavu mkuukuu wa kuvulia ndagala, wale samaki wadogo, uliochanika vibaya. Aliufungua uzi kwa uzi, akasokota kamba. Alikuwa amezoea kufuma vikapu tangu utoto wake Bwegera, na vidole vyake havikuhitaji mwalimu. Baada ya siku nne wavu ulikuwa tayari, pande zote mbili. Rémy aliuvuta kwa kidole hapa na pale. Hakuona mahali pa kurekebisha.

Jumamosi kabla ya Pentekoste, Apollinarie aliingia katika mkutano wetu bila fimbo, Pontien nyuma yake akisukuma baiskeli.

"Hapa ni mkutano ya wanaume," akasema Nshimirimana.

"Najua, Prezida. Naomba tu kinga yako kidogo."

Hakungoja jibu. Pontien aliipindua baiskeli ya prezida, magurudumu juu, kisha akaipindua yake. Apollinarie alitoa kipande kirefu cha kikwembe. Kilikuwa kile kile kilichoraruka siku ya ajali, na damu ilikuwa bado inaonekana. Alizungusha gurudumu la prezida, akasogeza pindo karibu. Gurudumu lililimeza. Kitambaa kilijizungusha, kikakaza, gurudumu likasimama.

Akakitoa, akazungusha gurudumu lao. Pindo liligonga wavu, likarudi. Akasogeza tena. Likarudi tena. Akafanya hivyo mara tano.

Kisha akamgeukia Nshimirimana, akamwonyesha kile kipande.

"Prezida, na hii kitambaa, nayo haijue kukaa?"

Hakuna aliyecheka. Cyprien alikuwa anatazama miguu yake. Bibi yake anachechemea mpaka leo.

Mimi nikasimama, mara ya kwanza katika kikundi kile. Nikasema kwamba sisi ndio tuliovua bati lililokinga nguo, kisha tukamlaumu mwenye nguo. Nikasema kwamba hiyo ni aibu, na kwamba aibu hiyo ni yetu, siyo ya wanawake. Nshimirimana aliinama, akagusa wavu, akauliza, "Kamba ya wavu inapatikana wapi?"

Siku ya Pentekoste baiskeli moja tu ilikuwa na wavu, kwa hiyo mwanamke mmoja tu alikwenda. Tuliondoka alfajiri. Pontien na Apollinarie walikuwa mbele, sisi kumi na mmoja nyuma yao, na hakuna aliyewapita. Upepo wa bonde la Ruzizi ulipiga kikwembe njia nzima. Tulifika Bwegera mchana, sote wazima.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Apollinarie alipiga magoti mbele yake. Mama akamshika mashavu, akamsogeza karibu kabisa, akamtazama kwa jicho lake moja muda mrefu.

"Umenenepa," akasema. "Naona."

Kisha akapapasa baiskeli, vidole vikakuta wavu. "Hii ni ya kukamata samaki gani?"

"Haikamate kitu, mama," akasema Apollinarie. "Inakataza."

Tuliporudi Nyamianda, Apollinarie aliomba kaye. Nilifikiri atataka nifute ule mstari wangu. Hakutaka. Aliukata kwa mstari mmoja, ili usomeke bado. Halafu akarudi kurasa za nyuma. Chini ya mstari wa kila bibi aliyeanguka aliandika, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: Gurudumu halikuwa na wavu.

Aliandika mara nne. Nilimshikia wino.