Mshale Uliotembea Wenyewe

Kila asubuhi Mama Studio aliwasha kompyuta kabla hata ya kufungua madirisha. Kioo kilimulika, kisha kikaandika: "Karibu, Baba Studio."

"Ahsante," alijibu kwa sauti ndogo, akaenda kutafuta ufagio.

Baba Studio alikuwa mumewe, mpiga picha. Nusu ya mtaa ilipita mbele ya kamera yake: watoto wachanga, maharusi, wahitimu, na wale wa picha za vitambulisho ambao hawacheki hata uwatekenye. Maradhi yalipomchukua, studio ilibaki mikononi mwa mkewe na binti yao. Walipaka kuta rangi. Walibadilisha mapazia. Lakini jina lake kwenye kompyuta hakuna aliyeligusa. Nani angekuwa na moyo huo? Wote wawili waliingia kwa jina lake na kwa neno lake la siri, na kazi ikaenda.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na folda iliyoitwa "Nyumbani". Humo mlikuwa na picha za familia, na sauti moja. Baba Studio aliirekodi akiwa kitandani, ili kumwelekeza mkewe namna ya kuituliza printa iliyokuwa ikitafuna karatasi. Hayakuwa maneno ya kuaga. Ilikuwa habari ya printa tu, na kikohozi, na kicheko kimoja. Siku moyo ulipomwelemea, Mama Studio aliisikiliza. Sauti nyingine ya mumewe hakuwa nayo.

Asubuhi moja alikuwa ameketi akikata picha za vitambulisho kwa mkasi. Aliinua macho. Kwenye kioo, mshale ulikuwa unatembea.

Mkono wake haukuwa kwenye kipanya. Mshale ulifungua folda, ukaifunga, ukafungua nyingine. Ulikwenda taratibu, kama mtu anayetafuta miwani yake chumbani.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama Studio hakupiga. Wakati wa ugonjwa, mumewe alifungua njia ya kuiendesha kompyuta hii kutoka nyumbani. Alilala kitandani, akasafisha picha za studio. Mshale ulitembea hivi hivi, na yeye kwenye simu akicheka, "Nani kaihamisha picha ya bibi harusi? Wewe!"

Mama Studio alijua kuwa huyu si yeye. Alijua vizuri. Hata hivyo aliendelea kutazama, mkasi mkononi.

Binti akaingia na ndoo ya maji. "Mama! Nani anaendesha hiyo?"

Picha zilikuwa zinageuka kuwa vikaratasi vyeupe, moja baada ya nyingine, na majina yake yakibadilika. Binti aliiacha ndoo, akapiga magoti chini ya meza, akauchomoa waya wa intaneti. Mshale ukasimama. Katikati ya kioo pakabaki maneno haya: "Tumefunga mafaili yenu. Lipeni, tuyafungue."

Mama Studio alishika kipanya, akafungua folda ya "Nyumbani". Vikaratasi vyeupe vitupu. Alibonyeza pale palipokuwa na ile sauti. Kimya.

"Imekwenda," alisema. Akakaa chini.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu, alikuwa na duka la simu mlango wa pili. Alisikia, akaja mbio, bisibisi sikioni kama kalamu.

"Hiyo ndogo sana!" alisema. "Naifuta yote, naweka programu upya. Mchana mnapiga kazi kama kawaida."

"Na picha je, ba'mdogo?"

"Picha zimeshakufa hizo. Unataka kukumbatia maiti?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alimtazama shemeji yake. "Nisamehe, shemeji. Mdomo wangu huu hauna breki."

"Usiguse kwanza," binti alisema. "Nampigia Dada Waya."

Dada Waya ndilo jina walilomwita fundi aliyetunza kompyuta za hospitali. Baba Studio ndiye aliyempiga picha ya kuhitimu. Binti aliweka simu kwenye spika.

"Intaneti umeshachomoa?" fundi aliuliza.

"Nimechomoa."

"Mikono yako ibarikiwe. Sasa tazama kioo. Majina ya mafaili bado yanabadilika?"

"Hapana. Yametulia."

"Yangekuwa bado yanabadilika, ningekwambia ukate umeme sasa hivi. Kwa kuwa yametulia, iache kama ilivyo. Usiizime, usiiwashe upya, usifute kitu, usifungue faili hata moja. Piga picha ya kioo kwa simu yako. Andika saa, na ulichokiona. Nani yuko hapo na wewe?"

"Mama, na ba'mdogo."

"Baba mdogo wa bisibisi?"

"Yupo!" baba mdogo aliitikia.

"Shikamoo. Bisibisi mfukoni, tafadhali."

Dada Waya alipofika, alivua viatu mlangoni kama zamani, akamkumbatia Mama Studio kwanza. Kompyuta ilisubiri. Kisha akakaa, akatazama, akaandika anachokiona. Akaizima mwenyewe, akaitoa diski ya kompyuta, akaiunganisha na mashine yake, akainakili nzima kwenye diski nyingine.

"Hii ya asili siigusi tena," alisema. "Ni ushahidi. Mtaipeleka polisi pamoja na picha ya kioo. Mimi nitafanya kazi kwenye nakala."

"Ushahidi wa nini, na mwizi hayupo?" baba mdogo aliuliza.

"Mwizi akiingia uani kwako usiku, asubuhi unafagia?"

"Sifagii. Nitaona kwanza nyayo."

"Basi wewe ulitaka kufagia."

Baba mdogo alicheka, akakuna kichwa. "Lakini si kafuta kila kitu?"

"Labda. Wengi wa wezi hawa hutengeneza nakala iliyofungwa, kisha hufuta ile ya kwanza. Sasa sikiliza. Faili likifutwa, halitoweki saa ileile. Kompyuta huondoa jina mlangoni tu. Vitu bado vimo chumbani, mpaka aje mpangaji mwingine. Ungeweka programu upya, ungeleta wapangaji wa mtaa mzima. Siahidi kitu, mama. Ila pa kutafuta papo."

Mama Studio alishika ukingo wa meza. "Tafuta, mwanangu."

"Na kulipa?" binti aliuliza.

"Msilipe. Aliyekuibia ufunguo hana sababu ya kukurudishia. Akijua mnalipa, atarudi."

Kwenye ile nakala, fundi alifungua kumbukumbu za kompyuta, mahali panapoandikwa nani ameingia, lini, na kutoka wapi. Alisoma.

"Aliyeingia leo ni Baba Studio," alisema polepole.

Mama Studio alimgeukia.

"Jina lake, mama. Mtu alilitumia kutoka nje. Ile njia aliyoifungua alipokuwa mgonjwa haikufungwa. Neno la siri lilikuwa nini?"

Binti aliona aibu. "Jina la studio na namba yetu ya simu."

Wote waligeuka kutazama mlangoni. Kibao cha studio kilikuwa kinaning'inia pale nje, kimeandikwa kwa rangi nyekundu jina la studio na namba ya simu.

"Kaka yangu!" baba mdogo alisema. "Ufunguo kautundika barazani!"

Mama Studio alicheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka yakaendelea yenyewe.

"Mimi niliuona ule mshale," alisema. "Nikakaa nautazama."

Dada Waya alimshika mkono. "Siku nyingine chomoa waya kwanza, mama. Kulia utalia baadaye. Nami nitakuja tulie wote."

Kisha alisema jambo ambalo binti hakulipenda. Huenda mwizi alibeba picha za vitambulisho na namba za wateja. Wateja waambiwe.

"Watatukimbia!"

"Watakimbia wakisikia kwa mtu mwingine. Wakisikia kwenu, watajilinda."

Kesho yake binti aliwapigia simu wateja mmoja mmoja. Wachache walifoka. Wengi walishukuru. Mshonaji wa pale konani alisema, "Ahsante kwa kuniambia. Jana tu kuna mtu kanipigia akitaka namba zangu za siri. Nilikuwa nimpe leo."

Siku kadhaa zilipita. Dada Waya akarudi na diski mkononi.

"Zote hazikurudi," alisema. "Baadhi ya harusi zimepotea, na nasikitika. Lakini hizi zilikuwa bado chumbani."

Alibonyeza. Kikatoka kikohozi. Kisha sauti ya mwanaume: "Haya, fungua kifuniko cha nyuma. Cha nyuma, mke wangu, hicho ni cha mbele!" Na kicheko.

Baba mdogo alitoka nje, akajifanya anakitazama kibao. Mama Studio alisikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, mwanangu," alisema. Akasema tena, "Ahsante."

Siku ileile walifunga ile njia ya kuiendesha kompyuta kutoka nje. Mama na binti walipata kila mmoja jina lake na neno lake la siri, refu, lisiloandikwa popote mtaani. Kila Jumamosi walinakili kazi zote kwenye diski, kisha wakaichomoa na kwenda nayo nyumbani, kwa sababu mwizi akiingia, diski iliyochomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

"Na jina la baba?" binti aliuliza.

"Picha zake tumezihamisha, zipo," alisema Dada Waya. "Jina tunalifunga. Lakini mama ndiye atakayebonyeza."

Mama Studio alibonyeza mwenyewe. Kisha akamkalisha fundi kwenye kiti cha wateja, akaichukua kamera ya mumewe, akampiga picha.

"Cheka, mwanangu. Hii si ya kitambulisho."

Kesho yake asubuhi aliwasha kompyuta. Aliandika neno lake jipya kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Kioo kikamulika: "Karibu, Mama Studio."

Aliinua macho. Picha ya Dada Waya ilikuwa ukutani, kando ya picha ya mumewe.

"Ahsanteni," alisema, akaenda kutafuta ufagio.